Nusu Chupa ya Springi

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, na kinyozi ndiye mimi. Si benchi la mbao tupu kama mabenchi mengine. Lina mto wa ngozi ya bandia na springi ndani, kazi ya fundi wa makochi aliye upande wa pili wa barabara, ambaye kwa ajili hiyo tunamwita Springi. Jioni wateja wakipungua, hapo ndipo tunapokaa kupiga soga: Redio, aliyekuwa dereva wa lori na sasa ni dereva wa maneno, Wakili, ambaye hajasomea sheria hata siku moja, ila aliwahi kuitwa mahakamani kama shahidi na hakurudi akiwa mtu yule yule, na Birika, anayeuza kahawa na kuingilia mazungumzo ya kila anayemuuzia. Jioni ninayoisimulia, duka la Springi lilikuwa limefungwa tangu asubuhi. Nje ya mlango wake lilisimama kochi lililovuliwa nguo, springi zake zinachungulia barabara. Mwenyewe alikwenda hospitali kutolewa damu, shughuli ya muda mfupi tu, na jua lilikuwa linakaribia kuzama.

— Simu yake bado haipatikani, alisema Wakili, akairudisha yake mfukoni.

— Chaji imemwishia, nikasema.

— Kinyozi, wewe ukikuta nyumba inaungua utasema wanapika, alidakia Redio. Mtu ameitwa kutoa damu mara ya nne. Mara ya nne, kwa kipimo kile kile! Amekwenda asubuhi, sasa ni jioni, simu haipatikani. Hiyo ni chaji?

— Labda foleni.

— Foleni ya nini? Kwani wanatoa damu au wanagawa viwanja?

Birika alicheka, akamimina. Birika hucheka hata akiwa na wasiwasi, na jioni ile alikuwa na wasiwasi kuliko sisi wote, maana alimimina kikombe cha Springi vilevile kama kawaida, akakiweka pembeni, kikapoa.

Kwa asiyejua, nieleze kidogo, maana Springi mwenyewe alitueleza mpaka tukajiona madaktari. Fundi wa makochi hukaa chini kutwa, mguu mmoja ameukunja, wa pili ameukaza kwenye fremu ili kochi lisisogee anapogonga misumari. Miaka na miaka. Mwanzoni mwa mwaka mguu wake wa kushoto ulivimba, ukawa wa moto, na hospitalini wakamwambia damu imeganda ndani ya mshipa, imefanya donge. Akapewa vidonge vya kuzuia damu isigande ovyo. Vidonge vyenyewe ni vikorofi. Ukivizidisha, mkwaruzo wa msumari tu unatoa damu isiyokoma. Ukivipunguza, donge linakua, na likikatika likapanda mpaka kwenye mapafu, hapo hakuna tena fundi wala kochi. Ndiyo maana kila baada ya muda anatolewa damu, inapelekwa maabara, wanaangalia inachukua muda gani kuganda, kisha wanatoa namba. Kwa namba hiyo daktari anaongeza dawa au anapunguza.

Namba ya Springi ilitakiwa ikae kati ya mbili na tatu. Miezi ya kwanza alikuwa akirudi kutoka huko anaitangaza akiwa bado ng'ambo ya barabara, kama matokeo ya mpira: "Mbili nukta sita!" Sisi tunapiga makofi. Siku namba ilipofika nne na kitu, tulinyamaza kama mashabiki wa timu iliyofungwa nyumbani kwao, na mimi nikaufungia kabatini wembe niliokuwa namnyolea. Tangu hapo namnyoa kwa mashine tu, na hata hiyo mashine naishika kwa hofu. Lakini sasa mwezi ulikuwa umepita na zaidi, hana namba yoyote. Kila akitolewa damu wanampigia simu arudi tena.

— Mimi hili jambo nimelifikiria kisheria, akasema Wakili.

— Tumekwisha, akasema Redio.

— Nisikilizeni kwanza. Mahakamani, shahidi mmoja akisema jambo, hakimu haamini moja kwa moja. Anataka wa pili. Wa pili akipingana na wa kwanza, anataka wa tatu. Damu ya Springi ndivyo ilivyo. Chupa ya kwanza imesema hivi, ya pili imesema vile, kesi inaahirishwa. Leo wamemzuia kwa sababu ni siku ya hukumu.

— Na hizo chupa zinahojiwa na nani?

— Na mashine.

— Mashine inauliza maswali?

— Inauliza kwa njia yake.

— Hebu ongezeni sauti kidogo, akasema mteja niliyemwacha ndani kitini na povu kidevuni. Nikarudi nikampitishia wembe mara mbili tatu, nikatoka tena. Hakulalamika. Wateja wangu wengi nadhani huja kwa ajili ya benchi, kunyolewa ni kisingizio.

— Mnazunguka mbuyu, alikuwa anasema Birika. Damu inauzwa, basi.

— Damu ya Springi? nikauliza. Nani anunue damu ya mgonjwa?

— Hapo ndipo usipojua biashara. Damu ya mtu wa kawaida ni nzito. Ya Springi imekwisha kulainishwa na dawa tangu ikiwa mwilini. Iko tayari. Mimi nikikuletea kahawa iliyokwisha kukorogwa sukari, na mwenzangu akakuletea chungu tupu, utanunua ya nani?

— Mimi sinywi sukari, akasema Wakili.

— Ndiyo maana una roho ngumu.

Redio alisubiri tunyamaze. Yeye hapendi kusemea juu ya maneno ya mtu. Anapenda uwanja uwe mtupu, halafu aingie peke yake.

— Ninyi mnaangalia damu, akasema. Mimi naangalia mashine. Nimeendesha magari ya kila aina, ninyi mnajua. Kulikuwa na lori moja, ukilitia mafuta ya kituo kimoja likayazoea, ukalitia ya kituo kingine, halitembei. Linakohoa. Linakaa katikati ya barabara kama bibi harusi. Sasa mashine ya maabara ni hivyo hivyo. Imeonja damu ya Springi, imeizoea. Wakiipa ya mtu mwingine, inagoma.

— Jamani!

— Inagoma! Wale watu wa maabara wafanyeje? Wagonjwa wamejaa nje. Wanampigia simu: baba, njoo kidogo tu, tuiwashie mashine.

— Kwa hiyo Springi ni mafuta ya mashine, nikasema.

— Ni mafuta ya mashine. Na leo wamechoka kupiga simu. Wamemweka hapo hapo, ubavuni mwa mashine, wamemtia mrija.

Birika alicheka, kisha akaacha. Sote tuliacha. Kila mmoja, nafikiri, alikuwa ameshauona huo mrija.

— Usiseme hivyo, Redio, nikamwambia.

— Nimetania.

— Najua umetania. Lakini usiseme.

— Labda mmoja wetu angekwenda kuangalia, akasema Birika.

— Wazo zuri, akasema Wakili. Lakini aende nani? Anayekwenda lazima ajue la kuuliza. Ukiingia hospitali huna swali, wanakutoa.

— Wewe unajua maswali.

— Mimi nikienda wataniogopa. Watadhani nimeleta kesi.

— Mimi nina jiko linawaka, akasema Birika.

— Mimi nina mteja, nikasema, na mteja ndani akakohoa kunithibitishia.

— Na mimi magoti, akasema Redio. Basi jambo likaishia hapo, tukarudi kwenye kahawa.

Nisije nikawafanya muwaone hawa watu hawana moyo. Tulikuwa tumeuona mkono wa Springi. Dawa zile zinamfanya mtu avilie damu kwa kuguswa tu, na siku moja alikunja shati ili amwonyeshe Birika, tukaona pale kwenye kiwiko doa jeusi la upana wa kiganja. Mwenyewe alikuwa anatabasamu, kama anayeonyesha saa mpya. Alikuwa amekonda. Mimi ninayemshika kichwa kumnyoa nilijua zaidi ya wote, maana shingo yake ilikuwa inazunguka ndani ya kola bila kuigusa. Siku ile ya doa jeusi Wakili alijifuta macho akasingizia vumbi. Ndiyo siku tuliyoamua kwamba damu ya Springi haiwezi kuachwa ichukuliwe hivi hivi, bila mtu wa kuitetea.

— Angalau wanachopata siku hizi ni nusu, alisema sasa Wakili. Pale tulifanya vizuri.

— Tulifanya vizuri sana, akasema Redio.

— Nilimwambia wazi: mwili ni wako. Hakuna sheria inayosema lazima wajaze chupa.

— Wewe ulitoa sheria, mimi nikatoa mbinu. Redio alijipiga kifua. Springi hawezi kumwambia mtu hapana, mnamjua. Huyu alinunua kufuli lisilo na ufunguo kwa sababu aliona haya kumkatalia muuzaji. Nikamfundisha: damu ikifika katikati ya chupa, wewe fumba macho, sema "kizunguzungu". Neno moja tu. Sindano itachomolewa yenyewe.

— Na ikachomolewa, akasema Birika.

— Kila mara! Yule mtoa damu ana huruma. Tatizo ni hao wa ndani, wa maabara. Hao hawatosheki. Si tulisikia wote? Alipigiwa simu akiwa amekaa hapa hapa, akaweka spika. Yule mama akasema nini?

— "Baba, ile damu haikutosha, tunaomba urudi," akasema Wakili, akiigiza sauti ya kike vibaya sana.

— Haikutosha! Mtu amejitolea nusu chupa kutoka kwenye mwili wake wa taabu, wao wanasema haikutosha. Hata ahsante hawana. Ndipo nikamwambia Springi, ukirudi, kaza hapo hapo kwenye nusu. Ukiwazoesha kujaza, kesho watakuja na ndoo.

Tulikubaliana wote. Mteja wangu naye, kutoka ndani, alikubali.

— Mimi nilimwambia na kuhusu vidonge, akasema Birika polepole, kama mtu aliyekumbuka kitu njiani. Ile siku fizi zilipomtoka damu, alipokuwa ameshika misumari mdomoni anashona lile kochi la kijani. Nilimwambia dawa imekuwa kali, akate nusu. Kahawa ikizidi ukali, si mtu anaongeza maji?

— Akakata? nikauliza.

— Sijui. Alisema ahsante.

Springi husema ahsante kwa kila kitu, kwa hiyo hapo hatukupata jibu.

— Mimi nina wazo jingine, akasema Wakili, ambaye hapendi nadharia ya mtu mwingine iwe ya mwisho. Nimesikia siku hizi, ukiwa na damu ya mtu ya kutosha, unaweza kumtengeneza mtu yule yule upya.

— Springi wa pili?

— Wa pili. Ndiyo maana wanasema haikutosha. Nadhani wamefika kiunoni.

— Na huyo wa pili atajua kushona makochi?

— Atajua kila anachokijua huyu.

— Basi waharakishe, akasema Redio. Lile kochi pale nje ni langu. Mke wangu anakaa kwenye ndoo, na kila nikiingia ndani ananiangalia kama mimi ndiye niliyeganda.

Tulicheka mpaka springi za benchi zikalia. Kilikuwa kicheko kirefu kupita utani wenyewe, kile cha watu wanaoogopa kunyamaza. Tulipotulia, mwanamke mmoja alikuwa amesimama mbele yetu.

Hatukumwona akija. Mtu mzima, kitambaa kichwani, mkononi ameshika mfuko wa plastiki unaoonyesha yaliyomo. Yaliyomo yalikuwa shati. Tulilijua lile shati, lilipita mbele yetu asubuhi likiwa na mwenyewe ndani.

— Hodi hapa, akasema. Ndipo penye rafiki zake fundi wa makochi?

— Ndipo, dada, karibu. Karibu ukae, nikasema, na sote tukasimama kwa pamoja kama wanafunzi.

— Ahsanteni. Mimi ni dada yake mkubwa. Yeye ni kitindamimba wetu, nimemlea mgongoni. Nimefika juzi. Niliambiwa anachechemea kidogo, kumbe anaburura mguu.

— Yuko wapi? akauliza Redio.

— Wamemlaza.

Birika aliinama akaweka birika chini, taratibu, ingawa jiko lilikuwa karibu.

— Donge limekua, akaendelea yule dada. Wamempaka mafuta mguuni, wakapitisha kidude juu yake, likaonekana kwenye kioo. Limepanda mpaka pajani. Kifuani halijafika. Wanamchoma sindano za tumboni. Daktari anasema tungechelewa siku chache tu, tungekuwa tunazungumza mengine.

— Na namba? akauliza Wakili. Sauti ya mahakamani ilikuwa imemwishia.

— Namba imepatikana leo. Moja nukta mbili.

Hiyo hatukuhitaji kuelezwa. Ni namba ya mtu ambaye ni kama hajameza kitu.

— Lakini dawa anameza kila siku! akasema Redio. Tunamwona! Anameza hapa hapa, na maji ya Birika!

— Anameza nusu. Nimeona vipande kwenye kichupa chake asubuhi. Nikamuuliza, akasema fizi zilitoka damu, na kuna mtu alimhurumia.

Birika hakuinua uso. Nilitaka kumwekea mkono begani, lakini mkono ukabaki mfukoni.

— Dada, nikasema, na kwa nini namba imepatikana leo, na siku zote hizi ilikuwa haipatikani?

— Kwa sababu leo nilimfuata nyuma, nikasimama pale. Damu ilipofika katikati ya chupa, akafumba macho akasema kizunguzungu. Sasa huyu nimemjua kabla hajaota meno. Akidanganya, masikio yanamcheza. Nikamwambia, fumbua macho, kaa sawa, mwache mwenzio afanye kazi yake. Ikajaa.

Redio aliangalia upande mwingine, kule lilikokuwa kochi lake.

— Baadaye nikamfuata yule mama wa maabara, nikamuuliza mbona mnamsumbua ndugu yangu. Hakukasirika. Akanionyesha chupa tupu. Ninyi mnaijua ile chupa?

Hatukuijua. Zaidi ya mwezi mzima tulikuwa tumeizungumza, tumeitungia sheria, tumeipigania, na hakuna aliyewahi kuiona.

— Ina kifuniko cha buluu. Ndani, chini kabisa, kuna dawa ya maji kidogo, ya kuzuia damu isigande kabla haijapimwa. Na ubavuni ina mstari. Yale maji yamepimwa kwa damu iliyofika mstarini. Ukitia nusu, maji yanazidi, kipimo kinadanganya. Kinaweza kuonyesha damu ni nyepesi kumbe ni nzito, daktari akampunguzia dawa mtu wa kuongezewa. Kwa hiyo wao chupa isiyofika mstari hawaipimi. Wanaitupa, wanampigia simu mwenyewe arudi.

— Wanaitupa? akauliza Birika.

— Zile tatu zote walizitupa.

— Na hiyo chupa, akasema Wakili, ikijaa... ikijaa kabisa, ni damu kiasi gani?

Yule dada aliinua kidole chake kidogo, akakiangalia, akapima kwa kidole gumba mpaka kwenye kiungo cha pili.

— Kiasi hiki. Haijazi kijiko cha chai.

Sijui wenzangu walikuwa wamefikiria chupa gani. Mimi nilikuwa nimefikiria ya soda. Nilimwona Springi akirudi mara tatu akiwa na nusu ya kijiko kilichookolewa, na donge linapanda mguuni pole pole, na sisi tunampigia makofi.

— Tulimwona mkono, dada, akasema Wakili. Ulikuwa mweusi. Tulimhurumia.

— Najua. Amenisimulia. Pale kitandani hana habari nyingine ila ninyi. Redio kasema hivi, Wakili kasema vile, Birika ananiwekea kikombe, Kinyozi kafungia wembe kwa ajili yangu. Mpaka muuguzi kamwambia baba pumzika. Sikuja kugomba. Ningekuwa nimekuja kugomba, ningechukua nguo zake nikapita zangu.

Afadhali angegomba. Mtu akikugombeza unapata la kujibu, unatafuta kosa lake, mnakwenda sawa. Huyu alikaa chini, pale pembeni anapokaa mdogo wake, bila kujua, akapokea kahawa ya Birika kwa mikono miwili. Alikuwa amechoka. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la barabara yetu.

— Ila kuna kitu kimoja sikielewi, akasema baada ya kunywa. Labda mtanisaidia ninyi mnaomjua. Leo yule mtoa damu aliponiona alisema, afadhali baba leo umekuja na mtu. Nikamuuliza, kwani siku nyingine? Akasema siku nyingine ni peke yake. Tangu mguu uvimbe, peke yake. Na hospitali iko hapo tu, nimekuja kwa miguu. Kwa nini alikuwa anakwenda peke yake?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mgeni anayeuliza njia, na akatuangalia mmoja mmoja, akisubiri kuelekezwa.

Nilifikiri niseme juu ya wateja. Lakini wateja wangu huwa nawaacha na povu kidevuni nije kukaa hapa, na mmoja alikuwa ndani wakati huo huo, hakohoi tena. Birika ana jiko lenye mpini, hulibeba popote. Wakili hana kazi, na Redio magoti yake humfikisha kila mahali penye mazungumzo. Kila Springi alipokwenda, sisi sote tulikuwapo hapa tunamsubiri arudi atusimulie. Muda tulikuwa nao.

Watu walipita, wengine wakatusalimia, tukaitikia kwa kichwa. Mwishowe Redio alijifuta mdomo kwa kiganja. Miaka yote niliyomjua sijawahi kumsikia akiuliza kitu ambacho hakuwa tayari na jibu lake.

— Dada, akasema. Huko wodini wanaruhusu watu kuingia saa ngapi?

— Sasa hivi. Wanafunga giza likiingia.

Redio alikuwa ameshasimama. Birika aliimwaga mtaroni kahawa iliyobaki, akazima jiko. Mimi nilimwambia mteja arudi kesho, nikafunga duka, na Wakili akambebea yule dada mfuko wenye shati. Njia yenyewe si ndefu. Tulikuwa tumeshafika getini kabla hata Redio hajapata la kusema.